Teke la Kulalia

Shemeji yangu alikuwa fundi bomba mchana na mwalimu wa karate jioni, na mtaa mzima ulimwita Nyonga. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. "Nyonga! Nyonga kwanza, mguu utafuata!" Saluni yangu imepakana ukuta na ukumbi wake, na kwa miaka mingi wateja wangu wamesukwa nywele huku wakisikia mwanamume mzima akizipigia kelele nyonga za watoto wa watu. Mteja mgeni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani dada, hapo jirani wanafundisha ngoma?" Siku ambazo miguu iliniuma kwa kusimama nilimjibu ndiyo, nenda ukajiandikishe.

Nilimtania sana. Ni shemeji yangu, na tena alistahili. Alipomwoa dada yangu mkubwa alihamia na mkoba wa vifaa vya bomba na gunia la kupigia mateke, nguo akazisahau kwao.

"Shemeji," nilimwambia, "watu wote duniani wanapiga teke kwa mguu. Wewe peke yako unapiga kwa kiuno."

"Mguu haupigi, shemeji. Mguu unafika tu."

Akachukua taulo langu la saluni, akalishika ncha moja, akalirusha na kuusimamisha mkono ghafla. Taulo likalia pwaa! Mteja akaruka kwenye kiti. "Umeona? Mkono umesimama, ncha ndiyo imekimbia. Teke ni hivyo hivyo. Kisigino kinageuka sakafuni, nyonga inazunguka, paja linapanda. Halafu paja linasimama, na hapo ndipo muundi, huu wa chini ya goti, unaporuka wenyewe. Anayeanza anakaza kila kitu, msuli wa mbele ya paja unasukuma, wa nyuma unavuta, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Mguu unachelewa. Aliyeiva analegea mpaka dakika ya mwisho."

Nikamwambia arudishe taulo, atalipasua. Lakini nilikuwa nimeelewa, na tangu siku hiyo nikawa nasikia mateke kupitia ukuta na kujua lipi lilikuwa zuri. Zuri lilitoa mlio mfupi na mkavu. Bovu lilisukuma gunia, minyororo yake ikalia.

Jambo alilolipenda kuliko yote, ambalo wengine hawalioni kabisa, ni mguu uliobaki chini. "Kila mtu anatazama mguu unaopiga," alisema. "Mimi natazama uliosimama." Pembeni mwa tako la mguu huo kuna msuli ambao kazi yake ni kuishika nyonga isidondoke upande wa pili wakati mguu mwingine uko hewani. Msuli huo ukilala, mwili wote unatafuta pa kuegemea. Alikuwa akipita kati ya wanafunzi, anawabonyeza hapo kwa kidole gumba na kusema, "Amka wewe."

Ukumbi wake ulikuwa na desturi moja. Mwanafunzi haulizi, anatazama. Nyonga alisimama mbele akiwapa mgongo, ili kulia kwake kuwe kulia kwao, akapiga teke polepole, nao wakapiga kama alivyopiga. Hakueleza makosa kwa maneno mengi. Alisema mwili hauna masikio, una macho. Ukitaka kumjua mwanafunzi wake, ulitazama tu anavyoinua goti, ungedhani wote wamezaliwa na mama mmoja.

Aliyemwiga kuliko wote alikuwa binti yake. Walimpata huyo tu, na tangu alipojifunza kutembea kwa kusukuma vigoda vya mama yake tulimwita Tingatinga. Alikua akawa msichana mwembamba mwenye mateke mepesi, mchana akiuza katika duka la viatu, jioni akiwa mstari wa mbele nyuma ya mgongo wa baba yake. Ukumbini hakumwita baba, alimwita mwalimu. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba magoti ya Nyonga yakichoka, ukumbi ni wa Tingatinga. Yeye mwenyewe hakuwa na ndoto nyingine, na baba yake hakuwa na kitu kingine cha kumwachia.

Kisha ukaja mwaka wa mashindano katika mji wa jirani. Walikwenda kundi zima na kurudi wakiwa wamenyamaza. Tingatinga alitolewa mapema, na msichana asiyejulikana kabisa. Kila alipotaka kupiga, mwenzake alikuwa ameshapisha. Wengine nao vivyo hivyo. Mlangoni, walipokuwa wakitoka, mwalimu wa ukumbi mwingine, mtu mnene mwenye maneno mengi kama mimi, akamshika Nyonga bega. "Mwalimu mwenzangu, vijana wako wana adabu. Wanapiga hodi kabla ya kuingia."

Alimaanisha kwamba kabla mguu haujaondoka sakafuni, kiwiliwili chao kilikuwa kimeshalalia upande mmoja. Kulalia kidogo mguu ukiwa juu si kosa, wote wanafanya. Lakini wao walilalia kwanza, mguu ukafuata, na aliye mbele yako akishaona hivyo ana muda wa kupisha, kukuna kichwa na kukurudishia.

Kesho yake Nyonga aliwapanga mstari, akachukua ndoo, akaigeuza na kukaa nyuma yao. Hakuwahi kukaa hapo. "Pigeni," akasema. Wakapiga. Kuanzia mtoto wa mwisho hadi mlinzi wa benki, ambaye ndiye mwanafunzi wake wa siku nyingi na ana wajukuu, wote walilalia upande uleule kwa kiasi kilekile.

"Nani kawafundisha huo ujinga?"

Mimi nilikuwa mlangoni na kitana mkononi, maana kelele zilikuwa zimenileta. Akauliza tena kwa ukali. Mlinzi wa benki akajikohoza, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, hilo ndilo teke lako."

Nao hawakuwa wameiga kwa bahati mbaya. Walikuwa wamelifanyia mazoezi. Walidhani ni siri ya ufundi, kitu ambacho mwalimu hakisemi kwa mdomo bali humpa mwenye macho, na kila mmoja alikuwa na bidii ya kukipata kabla ya mwenzake. Mama mmoja alishawahi kuniambia mwanawe anajifunza kuinama upande mbele ya kabati la kioo, tukacheka.

Nyonga aliinuka kwenye ndoo. Alitoka, akaingia saluni kwangu peku, na nguo zake nyeupe, mteja wangu akiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. "Nipishe kwenye kioo, shemeji." Nikampisha. Alisimama kwa mguu wa kushoto, akainua goti la kulia polepole, kama alivyofanya mbele yetu maisha yake yote. Fundo la mkanda wake likazama upande wa kulia. Mabega yakajitupa kushoto ili asianguke. Akashusha mguu, akajaribu tena huku akijizuia, akayumba, akashika meza yangu na chupa za mafuta zikaanguka. Akaweka kiganja pembeni mwa tako, akabonyeza, akapapasa kama anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Haupo," akasema.

"Nini hakipo?"

"Msuli, shemeji. Umekwenda."

Nikainama kuokota chupa za mafuta.

Dada yangu alimkokota hospitali kwa sababu mwenyewe alisema ni uchovu wa kupanda ngazi za maghorofa na mabomba begani. Daktari, mama kijana mwenye sauti ya upole, alimwambia asimame kwa mguu mmoja, na kabla ya vipimo vingine alikuwa ameshaona. Vipimo vilipotoka alituita wote ndani. Ni ugonjwa unaokula misuli taratibu, ukianzia nyonga na mapaja. Hauna dawa. Atatembea na fimbo, baadaye atakaa. Mwili wake, alisema, ulikuwa umejitafutia njia ya kuficha udhaifu kwa miaka, kidogo kidogo, kiasi kwamba yeye mwenyewe asingeweza kujua.

"Mama yako mzazi alikuwa anatembeaje?"

Nyonga aliinamia magoti yake. "Kama bata. Tulisema ni uzee."

"Ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Una watoto?"

"Mmoja."

Dada yangu akaanza kulia palepale, akiwa ameshika begi lake magotini. Daktari akaeleza kwamba mtoto anaweza kuwa nao, anaweza asiwe nao kabisa, na kuna kipimo cha damu akitaka. Tingatinga akauliza, "Nikikutwa nao, kuna dawa?"

"Dawa ya kuuzuia, hapana."

"Basi sipimi." Akatoka nje kutusubiri, na hakuna aliyempata kwa maneno tangu siku hiyo. Mama yake alimbembeleza, akamnunia, akambembeleza tena. Mimi nilimgombeza waziwazi. Alinijibu kwa adabu kwamba damu ni yake, mama mdogo.

Ni Nyonga aliyepata njia nyingine, na akaniambia mimi kwa kuwa dada asingestahimili kuisikia. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, miguu yake ameinyoosha.

"Wote wanalalia, shemeji, si ndiyo? Hao wengine waliniiga. Nikiwanyoosha watanyooka, kwa sababu misuli wanayo, imezoea vibaya tu. Huyu wangu akinyooka pamoja nao, tunalala usingizi."

"Na asiponyooka?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Nikajuta kuuliza, lakini ndilo swali lenyewe, na sote wawili tulilijua.

Basi akaanza kuwafundisha upya. Hakusimama mbele tena. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, fimbo kando, na kwa mara ya kwanza ukumbi ule ukasikia maelezo. Ukuta wao ulipakwa chokaa ya buluu, ile inayoacha unga ukiigusa. Alimsimamisha kila mmoja ubavu karibu na ukuta, upande wa mguu unaobaki chini, akamwachia nafasi ya kiganja kati ya bega na ukuta. "Inua goti. Bega likigusa, umelalia." Mwanzoni wote walitoka pale na mabega ya buluu. Niliwaona wakipita mbele ya saluni wakijipangusa, na dada yangu akawa kila jioni anafua koti la binti yake kwenye beseni uani, akisugua bega.

Mtoto wa mwisho ndiye aliyenyooka kwanza, kwa kuwa hakuwa na mengi ya kusahau. Wakafuata vijana. Nyonga akawaita mmoja mmoja, anaweka kiganja pembeni mwa nyonga, anasubiri, kisha anasema, "Umeamka. Nenda." Alilisema hilo kwa haki tu. Mtu yule hakuwahi kusifu teke bovu, hata la mtoto anayelia, na wazazi walimnunia sana kwa hilo. Nilikuwa nasuka nywele huku nahesabu kimoyomoyo waliobaki, na kila alipoitwa mmoja nilitega sikio nisikie kama ni Tingatinga. Sikusikia.

Mlinzi wa benki ndiye aliyekuwa kisingizio chetu. Yeye naye alikuwa bado anagusa ukuta. Dada alisema, mradi mlinzi bado analalia, basi ni mazoea ya siku nyingi tu, mwanangu naye kaanza zamani. Nikaitikia. Nilimwombea mzee wa watu abaki kapinda hadi Tingatinga anyooke, Mungu anisamehe. Jioni moja nikasikia ukumbi mzima ukipiga makofi. Nikatoka mbio na povu la shampuu mkononi. Alikuwa mlinzi wa benki, amesimama wima kwa mguu mmoja, goti juu, bega safi, anatabasamu kama bwana harusi. Tingatinga alikuwa anapiga makofi kuliko wote, na unga wa buluu umemjaa begani hadi kwenye kola.

Tangu hapo dada yangu hakusema tena neno mazoea. Alifua tu.

Nilianza kuyaona mengine, au nilikuwa nimeyaona siku zote nikayapisha. Tingatinga alipokuja saluni alijisukuma kwa mikono kuinuka kwenye kiti. Mwenzake wa duka la viatu alinitajia kwa kupita kwamba siku hizi maboksi ya juu anashusha yeye, maana Tingatinga hapendi ngazi. Nikamwambia sote hatupendi ngazi, nikabadilisha mazungumzo.

Siku niliyotaka kuisimulia ilikuja muda mfupi baadaye. Nyonga aliwaruhusu wanafunzi mapema, akabaki na binti yake. Nilikwenda kuwaita, chakula kilikuwa tayari kwa dada, nikasimama mlangoni bila kuingia.

"Njoo ukutani," Nyonga alisema.

Tingatinga akasimama pale. Akapumua, akalegeza mabega, akageuza kisigino kama inavyotakiwa, akainua goti. Bega likagusa.

"Tena."

Likagusa.

"Njoo hapa." Akamsogeza hadi kwenye kiti, akaweka kiganja pembeni mwa nyonga yake. "Inua. Amsha hapa."

"Nimeamsha, mwalimu."

"Amsha tena."

"Ndiyo naamsha." Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa amekaza meno, mguu uliosimama unatetemeka mpaka vidole, na kiwiliwili kilikuwa kinakwenda upande polepole bila ridhaa yake.

Nyonga hakuondoa kiganja. Alifumba macho. Mikono ile ilikuwa imeshika nyonga za watoto wa mtaa mzima na ilijua nini kiko chini ya ngozi na nini hakipo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akauondoa mkono, akaupangusa kwenye suruali yake bila sababu.

"Umenyooka," akasema.

"Kweli?"

"Umenyooka, mwanangu. Kuanzia kesho unafundisha wewe. Nenda kabadilishe nguo."

Akachukua fimbo, akapita mlangoni bila kunitazama. Nilimsikia akishuka ngazi moja moja.

Nilimkuta Tingatinga uani, kwenye bomba, amevua koti na kulisugua bega kwa sabuni ya kunawia. Aliponiona hakuacha.

"Mama mdogo, uliniona?"

"Nilikuona."

"Basi niambie wewe. Wewe huogopi mtu."

Angeniuliza kitu kingine chochote! Nilitaka kumdanganya, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mtoto ananitazama machoni, na mimi kusema uongo sijui, hata mteja akitoka kapendeza nusu namwambia ni nusu.

"Ulilalia, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akafunga bomba. "Najua. Najua kabla hata hatujaenda hospitali. Nilitaka tu mtu mmoja aseme." Nikamkumbatia na koti lake lililolowa katikati yetu, akalia bila sauti, na mimi nikalia kwa sauti kwa niaba yake. Alipotulia akanawa uso, akakamua koti, akalikunja bega likiwa ndani.

Ndani dada alikuwa ameshapakua. Nyonga amekaa mahali pake, mgongo wima, anasukuma chakula huku na huku. Hakuinua macho tulipoingia. Tingatinga akaketi mkabala naye, akajichotea, akala tonge la kwanza kwa hamu kubwa kuliko inavyoaminika.

"Baba," akasema, "kumbe ilikuwa kuiga tu. Umenitia wasiwasi bure miezi yote hii."

Nyonga akamtazama kwa muda. Uso wake ukalegea wote, akacheka, kicheko chake kile cha zamani ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mashindano. "Si nilisema mimi? Una kichwa kigumu tu kama mama yako."

Akaanza kula. Akaomba aongezewe. Akazungumzia wanafunzi wapya, na magunia mawili mapya ya kupigia, na jinsi Tingatinga atakavyowabana wale wazembe wa mstari wa nyuma, na binti yake akaitikia kila jambo, akacheka panapochekesha.

Tulipomaliza Tingatinga akataka kuinuka akusanye vyombo. Aliweka viganja vyote viwili mezani, akajisukuma, akasimama. Baba yake alikuwa ameshageukia dirisha, anasafisha meno kwa kijiti, hana habari. Dada yangu akanitazama, nami nikampa Tingatinga sahani yangu.